Shangazi, Shule Zimefungwa na Mi Niliishia la Saba

Wapenzi wasomaji wangu wa Mtwara, Lindi na popote mlipo, kwa waliofunga nawaombea Mungu awamalizishie salama hili kumi la mwisho la Ramadhani. Toka Waziri Mkuu Majaliwa, mbunge wa hapa jirani Ruangwa, atangaze tarehe 17 Machi kwamba shule zinafungwa kwa ajili ya korona, meseji zinazoingia kwenye simu ya shangazi karibu zote ni za watoto. Mwanzo tuliambiwa siku 30, zikaongezwa, na leo tupo katikati ya Mei 2020 miezi miwili inakatika na tarehe ya kufungua haijatajwa. Zote sitaweza kuzijibu, nimechagua chache ambazo najua zinagusa nyumba nyingi, na majina nimeyaficha kama kawaida yetu.

*

*Shikamoo shangazi. Mi nakaanga samaki hapa Mikindani, mume wangu ni mtu wa baharini, nina watoto wawili, wa kike yuko la tano wa kiume la tatu. Mwalimu anatuma maswali kwenye grupu la WhatsApp la wazazi ila mi nina kitochi, hilo grupu nalisikia tu. Na hata ningekuwemo, niseme ukweli shangazi, mi niliishia la saba na hizi hesabu za la tano za sa hivi sizielewi. Wa kiume ndo kabisa, kutwa ufukweni anarudi na mchanga mpaka masikioni, nikimwambia soma ananijibu mama si shule imefungwa. Naona aibu kumuuliza mtu. Nifanyeje? – Mama Wawili, Mikindani*

Marahaba mwanangu. Hiyo aibu iondoe kwanza kwa sababu sio yako peke yako, humu kwenye simu yangu ninayo meseji kama hii karibu kila kata na wengine wana digrii.

Mi nimefundisha darasa la kwanza na la pili zaidi ya miaka 30 kabla sijastaafu, afu kuna kitu nlikua nakiona kila Januari. Mtoto nimemuacha Desemba anasoma mstari mzima bila kushika herufi kwa kidole, akirudi baada ya likizo ya mwezi mmoja tu anaanza kugugumia, kidole kimerudi kwenye kitabu. Kinachoondoka cha kwanza ni kusoma kwa mtiririko, cha pili ni tebo za kuzidisha. Mambo mengine yote mwalimu atayarudia wakifungua, lakini hivi viwili vikiondoka kabisa mtoto anakaa darasani haelewi hata ubaoni kumeandikwa nini. Kwaiyo wewe usijitwike silabasi ya la tano, wewe linda hivyo viwili. Na kuvilinda hakuhitaji form four.

Tafuta saa moja. Sisemi kutwa, saa moja tu ila iwe kila siku na mahali palepale, mkeka uleule. Kwa wewe unayekaanga samaki wa futari najua kuanzia alasiri huna nafasi hata ya kukohoa, na usiku watoto wamelala na sahani mkononi, kwaiyo chukua saa 1 mpaka saa 2 asubuhi, baridi ya alfajiri bado ipo na samaki hawajafika. Kama siku hiyo samaki wamewahi, basi wewe kaa unapara magamba huku binti amekaa mbele yako anakusomea kwa sauti. Masikio yako si yako huru? Akisoma ukurasa mmoja muulize hapo wamesema nini, akueleze kwa maneno yake. Akibabaika arudie aya hiyohiyo. Kwenye hesabu usiangalie jibu, muulize, hapa umefikaje mpaka ukapata hii? Mtoto anayejua atakueleza mpaka akuchoshe, asiyejua ataanza kuangalia pembeni, na hapo mwambie afungue ule mfano wa kwenye kitabu mwanzo wa sura, auandike wote upya kwenye daftari hatua kwa hatua, ndipo arudi kwenye swali lake. Mi nimeona watoto wameelewa hesabu kwa sababu ya kumfundisha mdogo wake au bibi yake kuliko kwa kusimamiwa na fimbo.

Hilo la WhatsApp tafuta mama mmoja tu kwenye mtaa wenu mwenye simu kubwa mnayeelewana, mchangie bando la mia tano kwa wiki. Mara mbili kwa wiki binti aende akanakili maswali kwa mkono wake, asimame nje kibarazani, asirundikane na wenzie ndani. Kunakili kwenyewe ni mwandiko huo. Na hicho kitochi chako usikidharau, vingi vina redio ndani ukichomeka hedifoni inashika, na toka shule zifungwe kuna vipindi vya masomo redioni na kwenye TV, ulizia ratiba uiandike ukutani kwa mkaa ikibidi.

Sasa huyu wa kiume. Mi ninaye mjukuu wa miaka 8 hapa nyumbani, kalamu akiiona anapata usingizi papo hapo. Wiki iliyopita nilimpa korosho zilizobaki kwenye chungu toka msimu, nikamwambia hizi tugawane watu wanne sawasawa, mi wewe dada yako na babu. Akakaa chini akaanza kupanga moja moja kwenye mkeka, marundo manne, ulimi umetoka nje kwa kukazana, mwisho zikabaki tatu mkononi. Akaniangalia, bibi hizi haziingii. Nikamwambia hizo ndo zinaitwa baki, ziandike. Akaandika 43 gawanya kwa 4, jibu 10 baki 3, afu akauliza baki inaliwa? Nikamwambia inaliwa. Toka siku hiyo kila jioni ananifuata na chungu, tumeshagawanya kwa 5, kwa 6, jana kwa 7, na tebo ya 7 ndo iliyokuwa inamliza shuleni.

Wako ana dagaa na samaki. Mpe hesabu ya mafungu, fungu la mia tano yako 12 ni shilingi ngapi, mteja katoa elfu kumi arudishiwe ngapi, na asimamie chenji kweli sio kuigiza. Ufukweni usimkataze moja kwa moja, mtoto wa Mikindani utamfungia wapi, ila mwekee muda na mwekee kazi, asisogee pale samaki wanaponadiwa watu wanapobanana, ahesabu mitumbwi na ngalawa zilizoingia, na jioni aandike sentensi tatu za alichokiona. Tatu tu. Akikuletea "Leo nimeona ngalawa tano. Moja imepasuka tanga. Baba hajarudi" hiyo ni insha mwanangu, itunze, baba akirudi amsomee.

*

*Shangazi, kumpigisha nyungu mtoto wa miaka 4 inafaa? Jirani yangu anawafunika wake blanketi kila jioni na mi nahisi kama nimezembea. – Mama wa Chuno*

Haifai, na hujazembea. Mtu mzima akijifukiza ni shauri lake, lakini mtoto mdogo chini ya blanketi na sufuria la maji yanayochemka katikati ya miguu yake ni ajali inayosubiri. Akitikisika tu limemwagika lote, na ngozi ya mtoto ni laini inaungua haraka kuliko yako. Na haijathibitishwa kwamba mvuke unaua kirusi cha korona. Mlinde kwa sabuni, maji na kutokumpeleka kwenye mikusanyiko. Na ikitokea mtoto wa mtu kaungua, mwageni maji ya kawaida safi yatiririke juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20, msipake dawa ya mswaki, msipake mafuta wala asali, mfunikeni kitambaa safi mumuwahishe hospitali. Jirani mpelekee gazeti hili asome mwenyewe, usimgombeze, naye anafanya kwa uoga wa kupenda wanae.

*

*Habari za kazi shangazi. Mi mkulima wa korosho huku Newala, watoto wanne wote wapo nyumbani, mkubwa yuko la saba. Tunaambiwa tunawe mikono kila wakati lakini maji ya huku unayajua, dumu la lita 20 tunanunua, na hela ni ya kubangaiza mpaka msimu. Halafu jingine, nimewachukua wote shamba tunapalilia, mwezi ujao tunaanza kupulizia salfa. Mke wangu anasema nawaharibia masomo, mi naona bora shamba kuliko kijiweni. Tuamue wewe. – Baba Wanne, Newala*

Baba nakusalimu. Maji ya uwanda wa Makonde nayajua, nimewahi kupangiwa shule huko na nilijifunza kuoga na lita tatu, kwaiyo sitakuambia ufungue bomba ambalo halipo.

Tengenezeni kibuyu chirizi, na watengeneze watoto wewe simamia tu. Chukua dumu la lita 5 la mafuta ya kupikia, lioshe, pasha msumari motoni utoboe tundu moja dogo ubavuni mbele, chini kidogo ya mfuniko. Pitisha mti kwenye mshikio, uegemeze juu ya panda mbili mlizochimbia chini. Funga kamba shingoni mwa dumu ishuke mpaka kwenye kijiti kilicholala chini, ukikikanyaga kwa mguu dumu linainama maji yanachirizika, ukiachia linarudi. Sabuni itieni kwenye kipande cha chandarua kikuukuu itundikwe hapohapo. Uzuri wake ni mbili, mkono mchafu haugusi kitu, na maji yanayotoka ni kidogo sana kulinganisha na kumiminiana na kata. Lowanisha, kanyaga uachie, sugua na sabuni mpaka kwenye kucha huku unahesabu taratibu moja mpaka ishirini, kanyaga tena usuuze. Maji ya kunawa sio lazima yawe ya kunywa, ya mvua mliyokinga yanatosha, na chini ya kibuyu pandeni mche wa papai unywe hayo yanayomwagika. Siku sabuni imekata majivu ya jikoni yanasaidia, ila sabuni ndo yenyewe. Wakitoka chooni, kabla ya kula, wakirudi toka shamba au dukani, wakishakohoa au kupenga kamasi, hapo hakuna mjadala.

La shamba, mi nitawaamua hivi na msinikasirikie. Wewe umesema kweli kijiweni ni pabaya zaidi. Mama naye kasema kweli, mtoto aliyepalilia mpaka jua la saa 6 ukimpa kitabu jioni na koroboi atasinzia, nani asingesinzia. Basi kitabu kitangulie jembe. Saa moja ya kusoma alfajiri ndipo mwende, na saa 4 watoto warudi, wewe baki.

Salfa hapana. Nakuomba kabisa baba. Lile vumbi linaingia machoni linawasha, linaingia kifuani mtoto anakohoa wiki nzima, na sa hivi mtoto akikohoa mtaa mzima unakimbia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza kabisa kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18, na kupulizia dawa mi naihesabu humo. Wakae nyumbani siku hizo, na wewe mwenyewe ukirudi vua nguo za kazi nje kabla mdogo hajakurukia.

Halafu nikuambie, shamba lako ni darasa la hesabu zuri kuliko ukuta wa shule. Wataalamu wetu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wanashauri mkorosho hadi mkorosho mita 12 kila upande. Muulize huyo wa la saba, kama kila mti unachukua 12 mara 12, hekta moja yenye mita za mraba 10,000 itaingia miti mingapi? Atapata 69 na baki, afu mpeleke akahesabu ya kwako kweli, na kama babu alipanda kwa kubanana atakuambia mwenyewe imezidi mingapi. Mtolee na ile stakabadhi ya AMCOS, chama chenu cha ushirika, ya msimu uliopita, akae akokotoe kilo, bei, makato, iliyobaki. Wazazi wengi tunaficha zile karatasi chini ya godoro, kumbe mle ndani mna asilimia, mna kuzidisha, mna kutoa, na mna maisha yake yeye mwenyewe. Atakuuliza baba hili kato ni la nini? Kama hujui mwende mkaulize wote.

*

*Shangazi mi form six PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, nipo nyumbani Nachingwea, mtihani wetu ulikuwa uanze huu mwezi wa tano sasa sijui ni lini. Kila nikishika kitabu naona kama najisumbua. – Kijana wa Nachingwea*

Mwanangu hujisumbui, tarehe inaweza kutangazwa muda wowote na mtapewa muda mfupi. Acha kusoma notsi mwanzo mwisho, chukua mitihani ya nyuma, fanya mmoja kwa muda kamili wa mtihani, simu mpe mama, usahihishe kesho yake ukiwa umetulia. Somo moja asubuhi jingine usiku. Na lala, nimesikia mnajisifia kukesha, kichwa kisicholala hakishiki Kemia.

*

*Asalam aleikum shangazi. Naandika nikiwa na mawazo. Binti yangu ana miaka 15 yuko form two, tupo Mtama. Toka shule zifungwe bibi yake mzaa baba anamtaka kijijini akachezwe unyago, anasema sa hivi ndo nafasi hakuna kitu anafanya. Na wiki hii nimekuta kwenye begi lake laini ya simu nisiyoijua na mfuko wa chips, nimeuliza nikaambiwa na mdogo wake kuna kijana wa bodaboda. Nikimpiga naogopa atakimbia, nikinyamaza naogopa zaidi. – Mama Binti, Mtama*

Waaleikum salaam mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ndo iliyonifanya nichukue kalamu wiki hii.

Nianze na kitu kilichotokea kwa wenzetu. Sierra Leone walipopata ebola mwaka 2014 walifunga shule karibu miezi 9, zikaja kufunguliwa Aprili 2015. Watu walikuwa wanahesabu wagonjwa na makaburi, hakuna aliyekuwa anahesabu mabinti. Walipokuja kuhesabu wakakuta wasichana zaidi ya 18,000 wamepata mimba kipindi kile. Na zilipofunguliwa wenye mimba wakazuiwa kuingia darasani, zuio lenyewe limeondolewa juzi tu mwezi Machi mwaka huu. Ugonjwa ule haukuwapa mimba. Ni kukaa bila kazi, ni njaa, ni wazazi walioshikwa na mambo mengine, na watu wazima waliojua hakuna anayeangalia. Mambo hayo yote na sisi tunayo sasa hivi, na kwetu hadi mwaka huu wa 2020 mwanafunzi akipata mimba shule ya serikali ndo kwaheri. Kwaiyo hofu yako sio ya bure.

Kumpiga usimpige. Ukimpiga umemsaidia yule kijana, maana ataonekana yeye ndo mpole. Mngoje mkiwa jikoni wawili tu, yeye anatwanga au anachambua mboga, mikono ikiwa kazini mdomo wa mtoto unafunguka. Muulize taratibu, huyu anayekununulia chips ni nani, mlijuana wapi, anakuambia nini, anataka nini. Halafu nyamaza usikilize mpaka mwisho, hata kama moyo unakupasuka. Mwambie na wewe ulishakuwa na miaka 15. Mwambie wazi mimba inaingiaje na magonjwa yanaingiaje, usimwachie bodaboda amfundishe. Laini ile msikubaliane kuificha, msikubaliane kuivunja kwa hasira, aitoe yeye mwenyewe mkononi mwako.

Afu badilisha siku yake. Binti wa form two akikaa kutwa kazi yake ni kuosha vyombo na kungoja jua lizame, lazima atafute wa kuongea naye. Mpe kazi ya kichwa. Awe mwalimu wa watoto wa hapo nyumbani asubuhi, na masomo yake mwenyewe mawili kwa siku. Kisimani na dukani aende na mwenzie, ujue katoka saa ngapi na karudi saa ngapi, na muda wa giza awe ndani. Sio kumfunga, ni kujua alipo.

Kuhusu bibi. Mi nimechezwa unyago na siwezi kusimama hapa nikautukana, kuna mambo ya usafi na heshima niliyafundishwa kule mpaka leo nayashika. Lakini kuchezwa sio kuozwa, na wapo wanaume wanaosikia ngoma ya unyago na kudhani ni mnada. Na mwaka huu kuna ugonjwa, mikusanyiko imezuiwa, na korona inawashika vibaya wazee, huyo bibi akijaza watu uani kucheza ngoma usiku kucha anayehatarika wa kwanza ni yeye. Usiende kumjibu wewe mkamwana, mtakosana. Kwetu kusini unajua neno la mjomba lina uzito wake, basi kaka yako aende kwa heshima zote, amwambie mama, mtoto ni wetu sote, tusubiri ugonjwa upite na shule ifunguliwe, tutazungumza. Asiende kukataa, aende kuomba kusubiri. Bibi wengi ukiwaomba hivyo wanalainika.

Na huyo kijana, mjomba huyohuyo na mzee mmoja wa mtaa wamuone uso kwa uso wamkumbushe, Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016, kumpa mimba mwanafunzi au kumuoa ni miaka 30 jela. Akiendelea, msimalizane kwa mbuzi na hela nyumbani. Nendeni kwa mtendaji, nendeni dawati la jinsia na watoto polisi, au piga 116, ni namba ya huduma kwa mtoto na ni bure, hata binti mwenyewe anaweza kupiga, iandikeni mahali anapoiona.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja zamani alikuwa anaandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko umelala kama nyasi za upepo, mzuri ajabu. Likizo moja hakurudi. Niliuliza nikaambiwa kapelekwa kwa ndugu. Nikaja kukutana naye baada ya miaka stendi anauza mihogo, mtoto mgongoni, akanitambua yeye kwanza. Aliniandikia namba yake ya simu kwenye kipande cha gazeti, akacheka, mwalimu bado naandika kushoto. Kile kipande mpaka leo ninacho. Mdogo wangu mshikilie huyo binti.

*

*Shikamoo mwalimu, naandikiwa na jirani. Mimi ni bibi wa Masasi nalea mjukuu wa miaka 7, mama yake yuko Dar kazini. Toka asikie kwenye redio korona inaua wazee hataki nitoke hata gengeni, nikikohoa analia. Sasa ameanza kukojoa kitandani alishaacha toka ana miaka 4. Kitabu hashiki. – Bibi wa Masasi*

Dada yangu, shikamoo tupeane wote, nahisi tuko rika moja.

Huyo mtoto hajaharibika, huyo anakulinda. Mama yake yuko mbali, wewe ndo ulimwengu wake wote, afu redio inamwambia kila saa wa kufa ni wazee. Ungekuwa wewe ungeshika kitabu? Kwaiyo kwanza taarifa ya habari isikilize mara moja kwa siku, yeye akiwa anacheza nje, na jirani akija na zile sauti za kutisha za WhatsApp mwambie azizime.

Pili usimdanganye. Ukimwambia bibi hafi kamwe atajua unamficha. Mwambie, ni kweli huu ugonjwa unawashika vibaya zaidi wazee, lakini wengi wanaoupata wanapona, na ndo maana mimi na wewe tunanawa, ndo maana siendi msibani wala mnadani, na gengeni naenda mapema watu wakiwa wachache. Mwambie kikohozi hiki ni cha moshi wa jikoni kama ni cha moshi. Mpe na kazi, yeye ndo msimamizi wa kunawa hapo nyumbani, yeyote anayeingia mpaka apite kwake. Mtoto mwenye kazi ya kufanya uoga unampungua. Na mama yake apige simu saa ileile kila siku hata dakika mbili, mtoto ajue saa hiyo mama anaongea.

Mkojo usimtangaze kwa watu, usimchape, usimnyime maji. Mwamshe mara moja usiku akajisaidie, asubuhi mfue shuka pamoja bila maneno. Kwa watoto wengi linaisha hofu ikipungua. Ila akiwa na homa, au akilia wakati wa kukojoa, au anakunywa maji sana kuliko kawaida, usingoje, mpeleke zahanati wampime, sio kila kitu ni korona na sio kila kitu ni mawazo.

Kitabu usimlazimishe wiki hii. Usiku mkizima taa mpigie paukwa, aitikie pakawa, umpe hadithi moja ya sungura, kesho yake yeye ndo akusimulie wewe. Baada ya siku chache mwambie aandike barua, yeye na kalamu yake, kwa mwalimu wake wa darasa. Herufi zikipinda ziache zipinde. Amwambie mwalimu anafanya nini nyumbani, amekula nini, bibi yuko vipi. Kila Ijumaa barua moja, atampa mwenyewe mkononi siku shule inafunguliwa. Ziwekeni kwenye mfuko wa nailoni mahali pakavu.